Mafua Makuu ya 1918: Kwa Nini Vijana Wenye Nguvu Walikufa?

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima: Historia na Afya

Maneno ya kuandika ubaoni kabla ya somo: kinga, kirusi, mapafu, kichomi, chembe hai, mbiu.

   Fungua daftari lako, uweke kalamu tayari. Ukikutana na neno gumu, lisome polepole, silabi kwa silabi, kisha uendelee. Neno gumu ni kama mlima mdogo: ukiupanda mara moja, mara ya pili unaujua njia yake.

Somo la leo limetokana na swali. Wiki iliyopita nilikuwa katika darasa la Chemchem, hapa Tabora mjini, nikataja mafua makuu ya mwaka 1918. Nikasema kwamba ugonjwa ule uliua vijana wengi wenye nguvu. Mama mmoja akainua mkono, akasema: "Mwalimu, hapo sikuelewi. Mafua huwaua watoto wachanga na wazee. Mwenye nguvu si ndiye mwenye kinga? Mimi nina kijana wangu, anakohoa siku ya sita leo. Nikimwambia twende zahanati, anacheka. Anasema mafua hayamwui mwanamume."

Darasa zima lilicheka, lakini mama yule hakucheka. Naye alikuwa na haki ya kutocheka, kama tutakavyoona. Basi leo tutalijibu swali lake. Kwanza tutatazama historia, kisha tutaingia ndani ya mwili, tuone kinga inavyofanya kazi, na inavyoweza kukosea.

NJIA YA MISAFARA NA NJIA YA RELI

Kila mtu wa Tabora anajua kwamba mji wetu ulikua kwa sababu ya njia. Katika karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita hapa Unyanyembe, ikaendelea mpaka Ujiji penye ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mashuhuri kwa kazi hiyo. Walibeba pembe za ndovu kwenda pwani, wakarudi na nguo, shanga na waya.

Safari ilikuwa ndefu. Stanley, yule Mzungu aliyekuja kumtafuta Livingstone, aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, akafika Unyanyembe mwezi wa Juni. Hiyo ni miezi mitatu, na yeye alikuwa na haraka. Burton na Speke, waliokuja mwaka 1857, walitumia zaidi ya miezi minne.

Misafara ilibeba bidhaa, na pamoja na bidhaa ilibeba maradhi. Ndui ilitembea na misafara, kijiji hata kijiji. Lakini ugonjwa wa mafua si kama ndui. Mtu akiambukizwa mafua, huanza kuumwa baada ya siku 1 hadi 4, na kwa kawaida baada ya siku 2. Halafu katika wiki moja au mbili huwa amepona, au amezidiwa. Kwa hiyo mtu aliyeambukizwa Bagamoyo hangeweza kuyafikisha mafua hayo Tabora yeye mwenyewe kwa miguu. Angepona au kufa njiani, na ugonjwa ungehitaji kupokezana mtu kwa mtu miezi mitatu mizima.

Sasa tazama reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, ikafika Tabora 1912, na Kigoma 1914. Njia ya zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani hadi Tabora, iliyokuwa kazi ya miezi, ikawa kazi ya siku chache. Mtu aliweza kupanda garimoshi akiwa mzima, akashuka Tabora kabla hajaanza kukohoa, naye tayari amebeba ugonjwa kifuani. Hivyo reli, ambayo ilileta faida nyingi, ilimfungulia mlango mgeni huyu pia.

MWAKA WA 1918

Mwaka ule dunia ilikuwa vitani tangu 1914. Nchi yetu ilikuwa bado haijaitwa Tanganyika. Jina hilo lilikuja 1920. Iliitwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tabora yenyewe iliingiwa na majeshi ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916, na baadaye ikawa mikononi mwa Waingereza.

Vita ile iliendeshwa kwa mabega ya wapagazi. Vijana waliondolewa vijijini kwa mamia ya maelfu, wakabebeshwa chakula na risasi. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa walikaribia 100,000, na wengi wao waliuawa na maradhi, si na risasi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu yao: limetokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi.

Katika hali hiyo ndipo mafua makuu yalipofika. Mwishoni mwa Septemba 1918 yaliingia Mombasa kwa meli, yakitoka upande wa India. Kutoka bandarini yakafuata reli, barabara na njia za wanajeshi, yakaingia bara.

Tarehe 11 Novemba 1918 vita ilikwisha Ulaya. Jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki, chini ya von Lettow-Vorbeck, likaweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba. Alikuwa na askari Waafrika zaidi ya 1,100, na wapagazi na wanawake wengi pamoja nao. Walisafirishwa kwa meli juu ya ziwa Tanganyika mpaka Kigoma, kisha kwa garimoshi mpaka Tabora, na askari wakawekwa kambini hapa kwetu. Hebu wafikirie watu hao. Walikuwa wametembea miaka minne, wamevuka mito, wamepona risasi, njaa na homa ya malaria. Wengine wao waliuawa na mafua baada ya vita kwisha.

Katika nchi yetu peke yake inakadiriwa kwamba mafua yale yaliua watu kati ya 50,000 na 80,000. Katika dunia nzima hesabu inayotajwa mara nyingi ni watu 50,000,000, na karibu mtu mmoja katika kila watatu aliambukizwa.

Lakini jambo lililowashangaza matabibu ni umri wa waliokufa. Mafua ya miaka mingine huchukua watoto wachanga na wazee, kama mama wa Chemchem alivyosema. Yale ya 1918 yalichukua hao, yakachukua na wa katikati. Marekani, ambako hesabu za vifo zilihifadhiwa, karibu nusu ya waliokufa kwa mafua hayo walikuwa na umri wa miaka 20 hadi 40. Hao ndio wenye kulima, kubeba, kujenga na kunyonyesha.

Ili tuelewe kwa nini, hapana budi tuingie sasa ndani ya mwili.

KINGA YA MWILI INAVYOFANYA KAZI

Mafua huletwa na kirusi. Kirusi ni kidogo mno hata darubini ya kawaida haikioni. Mwaka 1918 matabibu hawakukijua; wengi walidhani ni kijidudu cha namna nyingine. Kirusi cha mafua ya binadamu kilipatikana kwa mara ya kwanza London mwaka 1933.

Kirusi hakiwezi kuzaa peke yake. Huingia ndani ya chembe hai ya pua, ya koo au ya mapafu, kikaigeuza kuwa kiwanda chake. Chembe hai moja ikitekwa, hutoa virusi wengi, nao huenda kuteka nyingine.

Mwili haukai kimya. Fikiri kijiji kinapovamiwa usiku. Kwanza lazima mtu apige mbiu. Wahenga walisema: mbiu ya mgambo ikilia, ina jambo. Chembe hai iliyotekwa nayo hupiga mbiu: hutoa kitu kiitwacho interferoni. Jirani zake wakiipata habari hiyo, hufunga milango yao ili kirusi kisizaliane ndani yao. Mbiu hii iligunduliwa London mwaka 1957 na wataalamu wawili, Alick Isaacs na Jean Lindenmann.

Pili, huja askari wa kwanza. Hawa ni chembe nyeupe za damu. Wao hawachagui sana. Hupiga kila kinachoonekana kigeni. Ndio maana ukiwa na mafua unapata homa, viungo vinauma, koo linavimba. Mengi ya maumivu hayo hayaletwi na kirusi chenyewe. Ni ghasia ya mapigano. Ni mwili wako mwenyewe unapigana.

Tatu, huja askari wenye ujuzi. Hawa hujifunza sura ya adui. Baadhi yao hutengeneza kingamwili, ambazo hukishika kirusi hicho hasa, si kingine. Kazi yao ni safi kuliko ya wale wa kwanza, lakini hukawia. Wakikutana na adui mgeni kabisa huhitaji wiki moja au zaidi kujiandaa. Wakikutana na adui waliyewahi kumwona, huja upesi, kwa kuwa wana kumbukumbu.

Nne, na hili watu hulisahau, mwili hutangaza mwisho wa vita. Askari hurudishwa, uchafu huzolewa, mahali palipoumia hutengenezwa.

Iandike hesabu hii katika daftari lako: mbiu, askari wa kwanza, askari wenye ujuzi, mwisho wa vita. Mambo manne. Ugonjwa huwa mwepesi au mzito kwa kadiri mambo manne haya yanavyofuatana.

MOTO UNAPOTOKA JIKONI

Wazee wetu wana methali: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katika methali hiyo kinga si ulinzi. Ni kijinga cha moto, kile kipande cha ukuni kinachowaka. Neno ni moja, maana ni mbili, na kwa somo letu zote mbili zinafaa. Kinga ya mwili ni ulinzi, na pia ni moto. Moto wa jikoni hupika ugali. Ukitoka jikoni, huteketeza nyumba.

Basi mapafu ni nyumba ya namna gani? Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo vya hewa, mamia ya mamilioni. Ukuta wa kila kifuko ni mwembamba mno, ili hewa ipite iingie katika damu. Ugomvi ukitokea mguuni, mguu huvimba, nawe unangoja upone. Lakini ugomvi mkubwa ukitokea katika vifuko vya hewa, kuta zile huvuja. Maji ya damu huingia mahali pa hewa. Sisi watu wa Chemchem tunajua maji yanayobubujika kutoka chini ni baraka. Lakini yakibubujika ndani ya nyumba, wenye nyumba wanazama. Mgonjwa wa namna hiyo huzama akiwa kitandani. Matabibu wa 1918 waliandika kwamba nyuso za wagonjwa ziligeuka rangi kwa kukosa hewa kabla hawajafa.

Je, twajuaje kwamba ni kinga iliyofanya hivyo? Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani walimaliza kusoma urithi wote wa kirusi cha 1918, kwa kutumia vipande vya mapafu vilivyohifadhiwa, na mwili wa mwanamke aliyezikwa mwaka ule katika ardhi ya barafu ya Alaska. Wakaweza kukiunda upya ndani ya maabara yenye ulinzi mkali. Mwaka 2007 kirusi hicho kilijaribiwa kwa kima huko Kanada. Katika wanyama wale mbiu ya kwanza ilivurugika, na baada yake askari wa kwanza wakajaa mapafuni bila kukoma. Siku chache tu zikapita, mapafu ya kima yakajaa majimaji na damu.

Angalia vizuri mpangilio huo. Kinga haikuwa kali tu. Ilikawia mahali pa kuwahi, kisha ikazidi mahali pa kupungua. Kirusi kilipata nafasi ya kuzaana, na mwili ulipozinduka ukapiga kila kitu, pamoja na nyumba yake.

KWA NINI VIJANA?

Sasa tumjibu mama yetu. Sababu si moja.

Ya kwanza ndiyo hiyo tuliyoitaja. Kijana ana askari wengi na wepesi. Akikutana na kirusi kinachovuruga mbiu, ukali wa askari wake waweza kumdhuru.

Ya pili ni kumbukumbu. Wazee wa 1918 huenda utotoni mwao waliwahi kupata mafua yaliyofanana kidogo na yale, kwa hiyo askari wao wenye ujuzi walimtambua adui. Vijana waliozaliwa karibu na 1889 walikuwa wamekutana utotoni na mafua ya namna nyingine, yaliyozunguka dunia mwaka 1889 na 1890. Wataalamu wengi hufikiri kwamba miili yao ilifundishwa sura ya adui asiye huyu. Jambo hili bado linajadiliwa, lakini linalingana na umri wa waliokufa.

Ya tatu ni wavamizi wa pili. Mapafu yaliyokwisha kuumizwa huachwa wazi, na vijidudu vya kichomi huingia. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, uliorudia kutazama vipande vya mapafu ya waliokufa 1918, ulionyesha kwamba wengi sana kati yao walikuwa na kichomi cha vijidudu juu ya mafua. Dawa ya kukiponya haikuwapo. Penisilini iligunduliwa 1928, na ilianza kutumika kwa watu wengi katika miaka ya 1940.

Hapa lazima niongeze onyo, ili tusitoke kosa moja tukaingia jingine. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mafua ya 1918 yalimwua mwenye afya sawa na asiye na afya. Mwaka 2023 wataalamu wawili walichapisha uchunguzi wa mifupa ya watu waliokufa Cleveland, Marekani. Waliona kwamba hata wakati wa mafua yale, waliokuwa na dalili za udhaifu mifupani walikuwa katika hatari kubwa zaidi, zaidi ya mara mbili na nusu. Kwa hiyo udhaifu haukuwa salama. Na nchini kwetu miaka ile ilikuwa ya njaa: Ugogo ilikumbwa na njaa kubwa iitwayo Mtunya. Mwili wenye njaa hauna chakula cha kuwapa askari wake.

Basi tuseme hivi kwa uaminifu: njaa na udhaifu viliua, na nguvu peke yake haikuokoa. Kinga njema si ile iliyo kali kuliko zote. Kinga njema ni ile inayowahi, inayomjua adui wake, na inayojua kukoma.

MIAKA MIA BAADAYE

Mwaka 2020 dunia iliona tena jambo hilo kwa ugonjwa wa Uviko-19, ulioletwa na kirusi cha jamaa nyingine. Wagonjwa wengi walianza kwa homa na kikohozi tu. Kisha, karibu wiki moja baadaye, wengine wakazidiwa ghafula. Matabibu walipopima, waliona mara nyingi kwamba kirusi kimepungua, na moto wa kinga ndio uliobaki unawaka.

Mambo mawili ya mwaka ule yafaa uyakumbuke.

Jambo la kwanza: uchunguzi ulionyesha kwamba karibu mgonjwa mmoja katika kila kumi wa hali mbaya sana alikuwa na kingamwili zilizozuia interferoni ya mwili wake mwenyewe. Ni kama watu wa kijiji wanaomziba mdomo mpiga mbiu. Wengi wao walikuwa wanaume. Kijana wa mama yetu asikie hapo.

Jambo la pili: mwezi wa Juni 2020 matabibu wa Uingereza walitangaza matokeo ya dawa ya zamani na ya bei nafuu, deksamethasoni. Dawa hii haiui kirusi. Hutuliza kinga. Kwa wagonjwa waliokuwa wakipumulia mashine, ilipunguza vifo kwa theluthi moja. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu, ilipunguza vifo kwa sehemu moja ya tano. Lakini kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuleta faida.

Unaona maana yake? Mwanzoni mwa ugonjwa unahitaji askari wako. Ukiwanyang'anya silaha mapema, unamsaidia adui. Mwishoni, moto ukitoka jikoni, unahitaji wa kuuzima. Dawa ni ile ile; wakati ndio unaoifanya iwe msaada au madhara. Na kuujua wakati huo ni kazi ya tabibu mwenye vipimo, si ya jirani wala ya muuza duka.

SISI TUFANYE NINI?

Ndugu msomaji, sokoni utasikia watu wakiuza dawa za "kuongeza kinga". Sasa unajua swali la kuwauliza: kuongeza ipi? Mbiu, askari wa kwanza, wenye ujuzi, au ile amri ya kumaliza vita? Kinga si unga katika debe, kwamba likijaa ni vizuri na likipungua ni vibaya. Ni mpangilio wa kazi.

Kitu ambacho kweli hufundisha askari wenye ujuzi, bila kuichoma nyumba, ni chanjo. Huwaonyesha sura ya adui kabla hajafika. Tangu 2013 watoto wa Tanzania huchanjwa dhidi ya vijidudu vikubwa vya kichomi. Chanjo ya Uviko-19 ilizinduliwa nchini tarehe 28 Julai 2021. Mpeleke mtoto kliniki kwa tarehe iliyoandikwa katika kadi yake. Wewe sasa unajua kusoma. Kadi hiyo isome mwenyewe.

Mtu akiwa na mafua, apumzike, anywe maji, ale awezavyo. Akikohoa azibe mdomo, asikae karibu na mtoto mchanga wala mzee. Wengi hupona hivyo. Lakini jifunze dalili hizi, maana ndizo zinazoonyesha kwamba moto umetoka jikoni au kwamba mvamizi wa pili ameingia:

1. Mgonjwa anapumua kwa haraka au kwa shida, au hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi.
2. Kifua kinabana au kinachoma.
3. Midomo, ulimi au kucha zinageuka rangi ya samawati au kijivu.
4. Amechanganyikiwa, au haamki vizuri.
5. Alianza kupata nafuu, kisha homa na kikohozi vikarudi kwa nguvu kuliko mwanzo.

Ukiona hata moja, usingoje kesho. Mpeleke zahanati, au kituo cha afya, au hospitali; kwa watu wa Tabora mjini iko hospitali ya mkoa ya Kitete. Usiseme ni kijana, ana nguvu. Hayo yalisemwa mwaka 1918.

Wiki hii nilirudi Chemchem. Mama yule alikuwa amekaa mbele. Aliniambia kwamba kijana wake alikuwa amepata nafuu siku mbili, kisha homa ikarudi usiku. Safari hii hakumwomba. Alimpandisha pikipiki ya jirani, akampeleka. Walimpima, wakakuta kichomi kimeanza upande mmoja, wakampa dawa. Sasa anakula. "Bado anasema ana nguvu," mama akasema, "lakini dawa zake anameza."

Darasa likacheka tena. Safari hii mama naye alicheka.

MASWALI YA MAZUNGUMZO

1. Kwa nini mafua yalifika Tabora upesi mwaka 1918 kuliko ambavyo yangefika siku za misafara?
2. Taja mambo manne ya kinga kwa taratibu yake. Lipi likikawia huleta hatari? Lipi likikosekana huleta hatari?
3. Muulize mzee wa mtaani kwako kama alisikia kwa wazazi wake habari za maradhi ya wakati wa vita ya Wajerumani. Andika majibu yake kwa mistari mitano, uje nayo darasani.

Kwaherini, ndugu wanafunzi. Tukutane katika somo lijalo.